Mguu wa Mama Vifungo

Hosteli ya Wasichana, Chumba Na. 14,
Chuo cha Ufundi,
S.L.P. 208.

Jumapili, 22 Juni

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo nyingi, yangu na ya mama, ambaye amesisitiza niandike yake kwa herufi kubwa kuliko yangu. Mgongo unasemaje? Mara ya mwisho ulituandikia kwamba ukiinama kuokota patasi inabidi ubaki huko huko chini kidogo, utafakari jinsi ya kuinuka. Nilicheka, kisha nikaona haya kwa kucheka. Nakuombea uwe umepata nafuu. Na mkaza-mjomba hajambo? Na yule kitinda mimba wenu, meno yameshatoka au bado anawakeshesha?

Sisi huku wazima. Baba kikohozi kimemwachia. Mama ni yule yule, sauti yake inafika nyumba ya tatu bila simu.

Na ni hiyo sauti ya mama iliyonifanya nishike kalamu. Najua ameshakupigia kukuambia kwamba nimeshika nafasi ya kwanza katika safari yetu ya mafunzo, na kwamba mwakani nitarudi kule ng'ambo kukaa mwaka mzima. Amewaambia wote, hata watu wa msibani. Si kweli, Mjomba. Alhamisi ya tarehe 12 ilikuwa kweli. Ijumaa, siku yetu ya mwisho, haikuwa kweli tena. Ni wewe uliyenifundisha kushika tupa nikiwa bado sijafikia urefu wa meza yako, kwa hiyo nimeona wewe upate habari hii kutoka kwangu mwenyewe.

Kama unavyojua, nasomea kutengeneza miguu ya bandia. Tulikwenda wanafunzi wanane na Mwalimu wetu, wiki sita, katika karakana iliyo nyuma ya hospitali moja kubwa. Ungeipenda karakana ile. Meza ndefu za mbao ngumu, vyombo vimetundikwa ukutani kila kimoja ndani ya kivuli chake kilichochorwa kwa rangi, vumbi la plasta jeupe mpaka kwenye kope za watu. Ukiingia unaona miguu imepangwa rafuni, mingine imevaa viatu, mingine bado. Wiki ya kwanza nilikuwa naisalimia kimoyomoyo. Wenyeji wetu wanasema Kiswahili hiki hiki chetu, ila wao wanayavuta maneno mwishoni kama mtu anayepiga miayo.

Mkuu wa karakana tulimpa jina la Bwana Milimita. Ni mzee mkavu, miwani yake imefungwa kwa uzi, na kila ukimwonyesha kazi anauliza neno moja tu: ngapi? Anataka umjibu kwa milimita. Ukisema "kidogo" anakwenda zake.

Kila mwanafunzi alipewa mgonjwa mmoja, amtengenezee mguu kuanzia kipimo mpaka kiatu. Atakayefanya vizuri kuliko wote angepewa nafasi ya kurudi mwaka mzima. Mimi nilipewa Mama Vifungo. Ni fundi cherehani, mwanamke wa makamo, mcheshi, na mtaa mzima unamwita hivyo kwa sababu ya makopo ya vifungo yaliyojaa dirishani kwake. Miaka miwili iliyopita walimkata mguu wa kulia chini ya goti, kwa sababu ya kidonda kilichokataa kupona. Tangu hapo amekuwa akikanyaga cherehani kwa mguu mmoja, nyonga inamuuma, na kila baada ya mishono kadhaa anasimama kupumzika.

Nilimpenda mara moja. Nilipokuwa namfunga plasta kwenye kigutu, kile kipande cha mguu kilichobaki, aliniuliza kama nimeolewa, kama nimechumbiwa, kama kuna mtu anayenitazama, na mwisho kama macho ya wavulana wa kwetu yana kasoro. Tulicheka mpaka plasta ikaanza kukauka vibaya nikairudia.

Alhamisi nikawa wa kwanza kumaliza. Wenzangu bado walikuwa wanapiga msasa, mimi mgonjwa wangu anatembea katikati ya vile vyuma viwili vya kushikilia, anakwenda, anarudi, anakwenda, ameachia mikono. Watu walipiga makofi. Bwana Milimita alipita, akamtazama anavyotembea, akatikisa kichwa kukubali. Mjomba, huyo mtu hatikisi kichwa ovyo.

Sasa sikiliza kosa langu. Kuna fomu ya ukaguzi yenye mambo kumi na mawili, na kila moja unalitilia alama ya vema. La mwisho linasema mgonjwa akae, akunje goti, abaki hivyo dakika kumi, kisha uvue mguu utazame ngozi. Mimi nilimkalisha, akakunja goti, nikamuuliza vipi, akasema safi. Bwana Milimita alikuwa anakuja upande wetu na nilitaka anikute nimemaliza. Nikatia vema. Akatia sahihi yake chini ya vema yangu, na jioni ile ikatangazwa kwamba nafasi ni yangu. Nilimpigia mama hapo hapo. Mengine unayajua.

Ijumaa tuliamka watu huru. Basi la kutupeleka uwanja wa ndege lingetoka hosteli saa kumi jioni. Wenzangu walikwenda kununua zawadi na kupiga picha. Mimi nilikuwa nimemwahidi Mama Vifungo kwamba nitapita kumuaga, nikaenda na mwenzangu wa chumbani, tunayemwita Taratibu kwa sababu hata chai anakunywa kama anayeikagua.

Tulifika saa nne. Anaishi ghorofa ya kwanza, chumba cha mbele ndicho kiwanda chake, sare za shule zimeninginia hadi mlangoni. Tulipokuwa kwenye ngazi tulisikia cherehani. Trrrr, kimya. Trrrr, kimya. Nikajua kabla sijabisha hodi kwamba ni mguu mmoja unaofanya kazi.

Mguu wangu ulikuwa umesimamishwa kwenye kona, umevaa kiatu chake kilichopigwa rangi, umefunikwa kanga kama mgeni aliyelala. Mama Vifungo aliruka kutukumbatia, akaona ninakotazama.

"Naupumzisha tu, mwanangu," akasema. "Kitu kipya hakitumiwi siku moja mpaka kikachoka."

Mama mkwe wake alikuwa kitandani anachambua vifungo kwa rangi, bibi mdogo mwenye sauti kubwa. Akasema bila kuinua kichwa, "Mwambie ukweli mtoto wa watu."

"Mama, basi."

"Basi nini? Jana ulikaa saa moja kwenye cherehani, ulipouvua ulikuwa unalia. Unamficha nani?"

Nilipiga magoti nikamwomba anionyeshe. Nyuma ya goti, pale mguu unapokunjika, ngozi ilikuwa imechubuka mstari mwekundu, upana wa kidole, na katikati umefanya lengelenge. Ukingo wa nyuma wa kikombe, yaani pale kigutu kinapoingia, ulikuwa umepanda juu mno. Akisimama, huuoni. Akikaa akaanza kukanyaga, unamng'ata kila pedali inapopanda.

"Kwa nini hukusema jana?" nikamuuliza.

"Ningesemaje, na wewe ulivyokuwa unang'aa vile? Nilijisemea mtoto huyu ametoka mbali, ameshapewa nafasi yake, nimharibie kwa ajili ya kamchubuko? Nitazoea."

Mjomba, afadhali angenitukana. Wiki sita nilikuwa namuuliza habari za mumewe aliye safarini, za wateja, za jirani anayeiba kamba ya nguo, na sikuwahi kumuuliza hata siku moja anashinda amekaa au amesimama. Na kwenye fomu, mahali pa kazi, niliandika kwa mkono wangu mwenyewe: fundi cherehani.

Nitakuambia na hili, ingawa linaniaibisha. Wazo langu la kwanza halikuwa kumwambia mtu. Nilijua karakana siku hiyo haina watu, niliona nitaingia kimya kimya, nitapunguza ule ukingo, nitaurudisha mguu kabla ya saa tisa, na hakuna atakayejua. Nikamwambia Taratibu abaki, nikaubeba mguu kwapani nikatoka mbio.

Kanga niliisahau. Basi fikiria mpwa wako anakatiza mitaa ya watu na mguu uliovaa soksi na kiatu. Mama mmoja alijishika kifua. Fundi viatu wa pale kona alinisimamisha akauliza kwa sauti, "Dada, umeleta kimoja? Cha pili kiko wapi?" Mtaa ukaangua kicheko. Siku nyingine ningemjibu, unanijua. Siku hiyo nilizidisha mbio.

Karakana haikuwa tupu. Bwana Milimita alikuwa amekaa peke yake mwisho wa meza anakula mkate wake, gazeti mbele. Alitazama mguu, akanitazama mimi.

"Huo unatafuta nini hapa?"

Ulimi wangu ulikuwa na uongo tayari, mwepesi kabisa: nimekuja kuung'arisha kidogo kabla hatujaondoka. Ulifika mpaka kwenye meno. Lakini nilikuwa nauona ule mchubuko, na nilikuwa najua, fundi kwa fundi, kwamba sijui nipunguze kiasi gani. Nikipunguza kidogo ataendelea kuumia na atanyamaza tena. Nikizidisha, nyama ya nyuma itamwagika juu ya ukingo na kikombe chote kimekwisha, na cha pili hakuna wa kukitengeneza kabla ya miezi kadhaa. Nikamwambia kila kitu.

"Alikaa dakika kumi?"

"Moja."

"Moja kamili?"

"Haikufika."

Alikunja mkate wake kwenye karatasi. "Nilitia sahihi juu ya neno lako," akasema. "Unajua maana yake, kuhusu ile nafasi?"

"Najua."

"Chukua tupa ya nusu duara, msumeno mdogo, msasa wa aina mbili na mashine ya hewa ya moto. Mguu huwezi kuurekebisha hapa, mwenyewe akiwa kule."

Wenzangu hawakuamini nilipowasimulia. Wiki sita hakuna aliyewahi kumwona yule mzee nje ya lango la hospitali. Alivaa koti lake, akaubeba mguu yeye mwenyewe, wima, kifuani, kama mtu aliyebeba mtoto kanisani, na tulipompita fundi viatu hakuna aliyethubutu kutia neno.

Kwa Mama Vifungo alivua kofia, akawaamkia wote, akauliza kama kuna rangi ya mdomo ndani ya nyumba. Mama mkwe akasema, "Mzee, mbona unaanza haraka hivyo?" Hata Bwana Milimita alicheka, mara moja tu, kama aliyepaliwa.

Kumbe ndiyo mbinu. Kile kidonda tulikisafisha, tukakifunika kwa plasta nyembamba ya kubandika, tukapaka rangi ya mdomo juu ya plasta na pembeni yake. Mama Vifungo akavaa mguu, akakaa kwenye cherehani, akakunja goti. Alipouvua, ukingo wa nyuma ulikuwa na alama nyekundu pale pale unapong'ata. Bwana Milimita akaweka rula.

"Ngapi?"

"Tisa," nikasema.

"Kata wewe."

Nilikata nne kwanza. Nikapiga tupa, nikapiga msasa, akavaa, akakunja, akavua. Rangi bado ilikuwepo. Nikaondoa tatu. Nikakumbuka, Mjomba, ulivyokuwa unaniambia nitoe pumzi ndipo nisukume tupa, nikafanya hivyo. Mbili za mwisho niliziondoa kwa msasa peke yake, polepole, kisha nikapasha ukingo moto nikaukunja nje kidogo kwa kidole cha gumba kilichovaa glovu, upate mdomo laini. Bwana Milimita alisimama nyuma yangu mikono mgongoni, hakugusa chochote. Taratibu alikuwa ameshaniacha akaenda kunifungia sanduku langu, na nguo zangu mbichi humo humo.

Saa nane na nusu Mwalimu alipiga simu. Nilimweleza kwa kifupi. Akasema saa kumi ni saa kumi, ndege haimjui mtu, lakini nisitoke pale kabla sijamaliza. Yote mawili kwa pamoja. Ndivyo alivyo.

Safari hii Mama Vifungo alikaa dakika kumi. Bwana Milimita alishika saa yake mkononi na sisi sote tukalikodolea macho goti lake. Alipouvua mguu, rangi haikuwa imehamia ukingoni. Ngozi ilikuwa kama tulivyoiacha.

"Sema ukweli," nikamwambia.

Akafikiri. Nilipenda alivyofikiri. "Nahisi uko," akasema. "Hauumi. Lakini nahisi uko."

"Hiyo ni sawa," akasema Bwana Milimita.

Ndipo akajaribu kukanyaga. Mara ya kwanza kiatu kiliteleza kwenye pedali, uzi ukakatika. Mara ya pili gurudumu likarudi nyuma, uzi ukakatika. Hausikii unyayo, kwa hiyo alikuwa ameinama anautazama ule mguu kama mtu anayemchunga kuku asiingie jikoni. Mara ya tatu na ya nne vivyo hivyo. Jasho lilikuwa linamtoka. Nilitaka kumwambia apumzike, Bwana Milimita akaninyooshea kidole ninyamaze.

Alichukua mkono wa shati la sare uliokuwa umekatwa tangu asubuhi, akauweka chini ya sindano. Akaanza polepole. Halafu, sikuona ni lini hasa, akaacha kutazama mguu akatazama kitambaa. Cherehani ikaanza kwenda. Haikusimama. Ilizunguka bega la shati lote, ikafika mwisho, akakata uzi kwa meno, akavuta mkono wa pili.

Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumuaga, marefu, mazuri. Nikamwita. Hakusikia. Nikataka kumwita tena, mama mkwe akanishika mkono.

"Mwache," akaninong'oneza, na sikujua kama bibi yule anaweza kunong'ona. "Miaka miwili sijaisikia nyumba hii inavuma hivi. Nenda mwanangu, nitamwambia."

Kwa hiyo sikumuaga, Mjomba. Nilishuka ngazi na cherehani inavuma juu yangu.

Njiani Bwana Milimita alitoa fomu nyingine mfukoni, akaijaza akiwa amesimama, ameiegemeza kwenye ukuta wa duka. Yote kumi na mawili nilipata vema, lakini chini yake, kwenye mstari wa uaminifu wa ukaguzi, alinipa alama za chini kabisa zinazomwezesha mtu kufaulu. Akaniambia mguu ni mzuri na fomu ya kwanza ilikuwa ya uongo, na kwamba yeye anahitaji mtu ambaye anaweza kutia sahihi chini ya kazi yake bila kurudi nyuma kuhakiki. Nafasi ingekwenda kwa Taratibu, ambaye alimkalisha mgonjwa wake dakika kumi na tano kwa kuwa tu hana haraka. Kisha akanipa mkono. Hakusema maneno ya kunifariji, nami namshukuru kwa hilo, kwa sababu ningelia pale barabarani.

Nililia kwenye basi. Niliingia saa kumi kasoro dakika nne, vumbi la plastiki kichwani, na wenzangu walikuwa wameshasikia. Taratibu alinipisha dirishani. Tulipofika nusu ya safari akaniambia anataka kuikataa ile nafasi. Nikamwambia akifanya upuuzi huo sitamsemesha mpaka azeeke. Akasema sawa.

Sitakudanganya kwamba haliniumi. Linaniuma. Kumwambia mama ndiko kulikokuwa kugumu zaidi. Alinisikiliza, akaingia chumbani, akatoka, akaniuliza kama nimekula. Tangu hapo halizungumzi, ila nimemsikia akimwambia jirani kwamba mwanawe alitengeneza mguu mara mbili kwa siku moja. Naona anatafuta njia yake ya kulisema, nimwachie.

Jana nilipigiwa simu na namba nisiyoijua. Alikuwa Mama Vifungo. Nikafikiri amepiga kushukuru, nikaanza kujibu kabla hajasema. Wapi. Amepiga kulalamika. Kifundo cha mguu kinalia. Akikanyaga polepole hakisikiki, akienda kasi kinalia kama panya, na mteja mmoja ameinua miguu juu ya kiti akitafuta panya huyo. Anataka kujua ni kazi ya nani, na inatengenezwa lini, na yule mwenzangu mpole akija aje na chombo cha kukazia, maana yeye hawezi kushona sare mia na panya mguuni.

Nilimsikiliza robo saa nzima. Nilimwambia akanyage nisikie, akaweka simu chini, nikasikia: cherehani kwanza, halafu panya. Ni skrubu ya kifundo tu, nilimwelekeza aizungushe nusu mzunguko upande wa kulia kwa bisibisi ya cherehani, akafanya, akanung'unika kwamba mlio umepungua lakini haujaisha, na atanipigia tena Jumanne. Mjomba, sijawahi kulalamikiwa kwa raha namna ile.

Msalimie sana mkaza-mjomba, umwambie ile blauzi yake inanikaa vizuri. Wasalimie binamu zangu wote, mkubwa nimtakie mema kwenye mtihani wake, mapacha wasigombane, na kitinda mimba umpige busu la shavu kwa niaba yangu. Baba anakupa salamu na anauliza kama ile randa yako ya zamani unaihitaji bado, kwa sauti ya mtu ambaye ameshaanza kuitumia.

Mungu akunyooshee mgongo, akuwekee mikono yako yenye ujuzi, na akulinde wewe na wote wanaolala chini ya paa lako mpaka tuonane.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye kwa dhati,

Chiriku